Mabakuli ya Moshi

Maman Béa alinipigia simu nikiwa kazini, nikamwambia nitampigia jioni, maana nilidhani ni maongezi yake ya kila mara ya magoti na bei ya nauli. "Hapana, Zuhura, usikate," akasema. "Muzee yangu alikufa." Nikatoka ofisini nikasimama kwenye ngazi. Akanieleza kwamba Monsieur Armand amefia hospitali asubuhi hiyo, yeye Maman akiwa amemshika mkono, na kwamba binti wa mzee, anayeishi Kanada, alikuwa bado yumo kwenye ndege. Nilimpa pole, nikalia, na mlinzi wetu akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Si ndugu, si jirani, wala si bosi. Nikasema ni mwenye nyumba wangu wa zamani, naye akanitazama kwa namna ya mtu anayejiuliza ni mpangaji gani humlilia mwenye nyumba. Nimefika umri wa kusema mambo wazi, kwa hiyo niseme: kilichonichoma siku ile si kifo peke yake, maana mzee alikuwa amekula chumvi nyingi. Kilichonichoma ni lile neno "yangu". Kabla Monsieur Armand hajawa wake alikuwa wangu, na kabla Maman Béa hajawa wa mzee alikuwa wangu pia. Mwaka mmoja wa ujana wangu nilikuwa nao wote wawili, kila mmoja mahali pake, na sikuwa na mtu mwingine katika mji ule mzima.

Nilifika Brussels Septemba ya mwaka elfu mbili na sita, kwa masomo ya mwaka mmoja, nikapanga chumba ghorofa ya juu kabisa katika nyumba nyembamba huko Laeken. Kilikuwa na kitanda, meza, sinki dogo la kunawia, jiko la umeme la sahani moja, na dirisha linalotazama reli za tramu. Wanafunzi wenzangu walikuwa vijana wadogo waliokwenda kunywa bia kila baada ya kipindi, na mimi Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea mkate. Walinialika mara mbili. Mara zote mbili nilikaa mwisho wa meza nikicheka wanapocheka wenzangu, kisha wakaacha kunialika, na kusema kweli niliwashukuru. Nikawa naweza kumaliza siku kadhaa bila kutamka zaidi ya bonjour na merci. Nilikuwa napika wali, nakula nimekaa kitandani, redio imewashwa ili chumba kisiwe kimya, ingawa sikuwa naelewa wanachosema. Chini, saa kumi na mbili jioni, mwenye nyumba alikunywa supu yake. Nilisikia kijiko kikigonga sahani, kisha kiti kikisogezwa, kisha bomba la maji, na baada ya hapo hakuna sauti tena mpaka asubuhi. Nilizoea kupanga chakula changu kiendane na chake, ili angalau tule pamoja, yeye huku chini na mimi huku juu.

Siku moja ya Oktoba alipanda ngazi akihema, akagonga mlango wangu, akaniomba nishuke nimbadilishie taa, maana magoti yake hayakumruhusu tena kupanda kwenye stuli. Monsieur Armand alikuwa mjane aliyepita miaka sabini, mrefu, mwenye sweta lililotoboka viwiko. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa kutengeneza meno ya bandia. Taa ilikuwa ya chumba cha mbele, ambacho sikuwahi kukiona wazi. Nilipoiwasha nikajikuta nimezungukwa na makabati ya vioo, na ndani yake mabakuli, mengi, mengine meusi kama sufuria ya kuni, mengine ya rangi ya maziwa yenye nyufa nyembamba zilizosambaa mwili mzima. Kabati moja lilikuwa wazi. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu hufanya akikutana na chungu sokoni: nikaligonga bakuli moja kwa kifundo cha kidole, nikatega sikio. Chungu kizima hulia, na chenye ufa huguna. Bakuli liliguna. Mzee alikuwa amesharuka kutoka mlangoni mikono mbele, rangi imemtoka, na mimi, nikidhani namsaidia, nikamwambia kwa Kifaransa changu cha mkate, "Samahani, Monsieur, hili limepasuka." Aliketi. Nilidhani anaumwa, kumbe anacheka.

Yale yote yalikuwa ya raku, akanieleza, na yote huguna. Ni ufinyanzi uliotoka Japani, ambao wafinyanzi wachache wa Ulaya waliuiga kwenye karakana zao ndogo miaka ya hamsini na sitini. Bakuli halisubiriwi lipoe. Linatolewa tanurini kwa koleo likiwa jekundu, linatupwa ndani ya pipa la vumbi la mbao, linafunikwa, na vumbi likiwaka moshi huingia kila penye nafasi. Ule mng'aro wa juu, mfano wa kioo, hupasuka kwa mshtuko, na moshi huzichora nyufa. Udongo wenyewe haujaiva sawasawa. Ukilitia maji bakuli hilo litayanywa. "Kwa hiyo hayafai kwa chochote?" nikamuuliza, na akajibu kwa furaha kubwa kwamba hayafai kwa chochote kabisa. Kuanzia wiki ile nikawa nayafuta vumbi kila Jumamosi, na Jumapili asubuhi tulikwenda wote soko la vitu vya zamani la Jeu de Balle, yeye na kikapu chake, mimi kumsindikiza. Wauzaji hutandaza mali chini, kwenye mawe: vijiko, picha za maharusi wasiojulikana, viatu, saa zilizokufa. Yeye hakuweza kuinama, basi mimi niliinama, nikawa nampa kila chombo cha udongo akishike. Mara nyingi alitikisa kichwa. Mara chache sana alikigeuza kitako juu akatafuta muhuri wa mfinyanzi, na mimi moyo ulinienda mbio kana kwamba nitapewa mimi.

Bakuli alilolipenda kuliko yote lilikuwa baya kuliko yote, na ni yeye aliyeniambia hivyo. Lilikuwa jeupe la rangi ya maziwa, limekaa upande, kuta nene huku na nyembamba kule. Mkewe Lisette alilifinyanga majira fulani ya baridi walipokuwa bado vijana, alipojiandikisha masomo ya jioni ili aone kwa nini mumewe anazipenda sana takataka hizi. Akafanya hilo moja, akasema basi, amekwisha kuona. Lilikaa rafu ya kati, katikati ya kazi za watu waliotajwa majina kwenye vitabu, na mgeni akiuliza limefinyangwa na nani Monsieur Armand alijibu kwa kumtaja mkewe kwa jina lake la kwao, la kabla ya ndoa, kama anavyotajwa fundi mkubwa. Si kwamba wageni walikuwa wengi. Mwaka ule mzima niliona wawili.

Huyo mzee ni mmoja wa wale wawili niliokuwa nao. Wa pili nilimpata Matonge, mtaa wa Waafrika, nilikokwenda kutafuta unga na dagaa. Niliingia duka moja jembamba karibu na Porte de Namur, nikasikia mama mnene nyuma ya kaunta akimwambia mteja, "Batu ba hapa banapenda baridi, mi sielewi." Nilisimama pale nimeshika pakiti ya dagaa, machozi yananilenga. Nikamwamkia. Akanisikiliza, akaangua kicheko, akawaita wateja wote waje wasikie. "Weye, unasema Swahili sawa Biblia! Unatoka wapi?" Huyo ndiye Maman Béa, mtu wa Lubumbashi, mjane, watoto wakubwa wamesambaa. Aliniwekea stuli nyuma ya kaunta. Jumapili mchana, akitoka ibadani na mimi nikitoka sokoni, alinisuka nywele tukiwa tumekula bukari, ugali wao, na sombe, kisamvu chao, na wanawake wa saluni ya jirani wakiingia na kutoka na habari zao, ndoa ya huyu, makaratasi ya yule. Nusu ya maneno yao ilinipita, lakini yalikuwa ya kwangu kwa namna fulani, na nilikaa kichwa changu kati ya magoti ya Maman nikiyasikiliza mpaka giza linaingia.

Sikuwahi kuwakutanisha. Leo nikiulizwa kwa nini, naweza kusema nafasi haikupatikana, ila ukweli ni kwamba nilikuwa bahili. Aliye na shati moja haliazimi. Kwa mzee nilikuwa mtu aliyejua kitu, mtu anayesubiriwa Jumamosi mlango ukiwa wazi. Kwa Maman nilikuwa mtoto wa kuchekwa na kulishwa. Asubuhi nilikuwa wa huku na mchana wa kule, na katikati, kwenye metro, nilikuwa na raha ambayo wanafunzi wenzangu na bia zao hawakuijua. Nilimwambia Maman tu kwamba ninakaa kwa mzee mmoja Laeken, yuko peke yake. Nilimwambia mzee tu kwamba nina shangazi Matonge. Ilinitosha.

Februari ukingo wa bakuli la Lisette ulimeguka kipande, mzee alipokuwa akilihamisha. Alilipeleka kwa fundi wa kukarabati vyombo, ambaye karakana yake ilikuwa hatua chache kutoka Porte de Namur, na lilipokuwa tayari magoti yalikuwa yamemlaza, akanituma mimi. Alinipa taulo la kulifungia. Nililichukua, na kwa kuwa duka lilikuwa njiani nikapita kumsalimia Maman. Akauliza nimebeba nini, nikamfunulia, nikamwambia ni la yule mzee wangu. Kisha nikaliacha kaunta nikaenda mlango wa pili, kwenye vibanda vya simu, kupiga nyumbani. Niliongea sana siku ile. Niliporudi Maman alikuwa ananingojea amelikumbatia taulo, na taulo linatoa mvuke. "Nilimutilia ule papa yako sombe, na samaki," akasema, papa kwao likiwa ni baba. "Aende akule ingali moto. Bakuli ya muntu haiwezi kurudia bule." Mimi nilielewa mara moja. Kwetu pia jirani akileta chombo hakiondoki kitupu. Hata mwenyeji angekuwa na chumvi tu nyumbani angeitia. Niliona mafuta ya mawese yameanza kuchungulia kwenye taulo, ya rangi ya chungwa. Duka lilikuwa limejaa wateja, na wote walikuwa wananitazama nipokee. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asante, Maman. Ningesema nini?

Monsieur Armand alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani kulipokea. Nilijaribu kumweleza tangu mlangoni, lakini Kifaransa kilinikimbia chote, na harufu ilikuwa imeshatangulia. Alifungua. Alitazama yale majani na samaki kwa muda, kisha akalichukua bakuli mpaka kwenye pipa la taka, akalimimina, akalisuuza kwa maji moto na sabuni, akalisuuza tena. Mafuta yalikuwa yameshaingia ndani. Kila ufa uliokuwa mweusi sasa ulikuwa na ukingo wa rangi ya chungwa, na kitako chote kimelowa rangi hiyohiyo. Alilishika chini ya taa. Nilisubiri anitukane, kutukanwa ningekuweza. Akaniambia "merci", kama anavyoambiwa mpeleka barua, akaingia chumba cha mbele, akafunga mlango.

Jumamosi ile nilishuka kufuta vumbi nikakuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Jumapili nilimsikia akitoka mapema na fimbo yake, bila mimi. Sijui huko sokoni nani alimwinamia. Hata mlango wa jikoni akaanza kuufunga akila, kwa hiyo nikapoteza na kijiko na kiti na bomba. Kwa Maman nilikwenda, lakini kila nikifika aliuliza kama yule papa alipenda sombe, na kila mara nilimwambia alipenda sana. Uongo huo ulinikaa kooni pamoja na bukari. Mwishowe, Jumapili moja mwezi Machi, akiwa amenisuka nusu ya kichwa, nilimwambia yote. Mikono ilisimama. "Alitupa chakula yangu?" akauliza. "Mu poubelle?" Nikasema ndiyo, kwenye pipa la taka, nikamwambia habari za bakuli, za mkewe, za nyufa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Juu ya nini haukuniambia? Bon. Tuende kwake." Nikamsihi. Akasema hawezi kulala na jambo hilo, na nusu ile nyingine ya kichwa akaimalizia kwa kasi ya hasira iliyonitoa machozi.

Tulifika Laeken jioni ileile, yeye na kitenge chake cha ibada na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mzee alifungua mlango. Mimi nilipita ubavuni nikakaa kwenye ngazi, tayari kutafsiri, halafu nikakumbuka kwamba Maman Béa anaongea Kifaransa kuliko mimi mara kumi. Walianza palepale kwenye korido, wamesimama. Maman alisema hakuna aliyemwambia. Mzee akasema lilikuwa la mke wangu, na hakuna aliyekuwa na haki. Maman akasema wala wewe hukuwa na haki ya kutupa chakula cha mtu aliyekufikiria ingawa hakujui. Kisha sauti zikapanda na mimi nikawa nashika neno hapa na neno pale. Nilishika kwamba mume wake alifariki Lubumbashi wakati yeye yuko huku bila makaratasi ya kusafiria, na kwamba alimzika kwa simu. Hilo hakuwahi kuniambia mimi, pamoja na kusukwa kote. Nikamwona mzee akisogea pembeni ili Maman apite ndani.

Jikoni Maman alidai kuliona bakuli. Aliligeuza, akalinusa, akanigeukia mimi pale mlangoni: "Haikulishwaka, hii. Njo maana ilikunywa." Akamweleza mzee kwa Kifaransa kwamba kwao chungu kipya hulishwa uji kwanza, kishibe, kisije kikanywa chakula cha mpishi. Mzee alimsikiliza akikunja uso. Kisha akauliza: uji mzito au mwepesi? Maman akasema inategemea udongo. Akauliza udongo wa aina gani, na unachomwa vipi, kwa kuni au kwa majani. Maman akavuta kiti. Nilipopanda kulala chumba cha mbele kilikuwa wazi, taa zote zinawaka, na mzee anamtolea bakuli moja baada ya jingine.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Alinisamehe, tena kwa maneno, na Jumamosi zangu zikarudi. Lakini Jumapili hazikurudi. Maman alikuja moja kwa moja kutoka ibadani na sufuria yake, na kabla ya ibada, asubuhi na mapema, alimpeleka mzee sokoni, maana yeye aliinama bila shida na kupunguziwa bei alipunguziwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Duka la Matonge Jumapili likafungwa. Stuli yangu ilikuwa ndani. Waliniita mezani kila wiki, nikashuka, nikala. Waliongea haraka, wakasimuliana wafu wao, na walipokumbuka kwamba nipo walipunguza mwendo kwa ajili yangu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nikaanza kusema nina mitihani. Nilikaa juu na wali wangu nikiwasikia wakicheka, na redio nikaizima ili niwasikie vizuri. Sikuwa na haki ya kuona wivu, na niliuona kila siku. Watu wawili waliokuwa peke yao sasa hawakuwa peke yao, na aliyebaki ni mimi niliyekuwa nao.

Mwezi wa nane nilipofungasha mizigo, walizungumzia mezani mambo ya vuli: soko litakavyokuwa, rafu mpya, samaki atakayeletwa Jumapili ijayo. Niliwasubiri. Nilitaka mmoja wao, yeyote, aseme nisiende, hata kwa utani. Walisema watanikumbuka sana, na najua walisema kweli.

Jumamosi ya mwisho Monsieur Armand aliniita chumba cha mbele. Maman alikuwepo, amekwisha kuvua pete zake na kuziweka kwenye sahani. Mikono yangu imeanza kutetemeka, mzee akasema, na wewe unaondoka. Mfundishe Béatrice kufuta, wewe ndiye unayejua. Nikatandaza taulo mezani. Nikamwonyesha brashi, maana kitambaa hunasa kwenye nyufa. Nikamwonyesha kwamba ukingo haushikwi kamwe, kwamba kiganja kimoja hukaa chini ya kitako na kingine hukumbatia tumbo, na kwamba bakuli halinyanyuliwi mpaka mwili umeshageukia linakokwenda. Kisha nikamtolea lililo gumu kuliko yote, jeusi lile lenye mdomo mwembamba, ambalo mimi mwenyewe niliruhusiwa kuligusa baada ya miezi mingi. "Polepole, Maman," nikamwambia. Akanyoosha ile mikono yake mikubwa ya dukani. Niliitazama sana. Nilitamani akosee, kidogo tu, niiweke mikono yangu juu ya yake nimrekebishe. Hakukosea.